Tunatetea Mungu au jina letu?

Mtu akipinga fundisho letu, mbona tunawaka kama vile ametukana mama zetu? Tunasema tunatetea Mungu. Lakini Mungu hakuumia. Tulioumia ni sisi.

Tumtazame Apolo wa Aleksandria, msemaji hodari, mjuzi wa Maandiko, ila ubatizo alijua ule wa Yohana tu. Kule Efeso Prisila na Akila, washona hema, walimchukua kwao wakamfundisha yaliyompungukia. Hatusomi popote kwamba alibisha.

Baadaye Wakorinto wakagombana: huyu wa Paulo, huyu wa Apolo. Jina la yule aliyekubali kufundishwa na mafundi likawa la kujivunia! Na sisi, tukisahihishwa na mama anayefagia kanisa, tutauliza kama neno lake ni kweli, ama tutauliza yeye ni nani?