Dohani Nne, Nyumba Pungufu

Kando ya Mto Thames, jijini London, zimesimama dohani nne nyeupe za Battersea Power Station, mtambo wa umeme ambao sura yake ya nje ilichorwa na Giles Gilbert Scott. Mtambo ulizimwa 1983. Tangu 2022 ni maduka, ofisi na makazi.

Dohani hizo, ndugu msomaji, si za zamani. Zege lilikuwa limechakaa, zikabomolewa, zikajengwa upya kwa umbo lilelile. Kazi ilikamilika 2017. Je, ni zilezile? Nasema ndiyo. Wenyeji walichokipenda ni ile sura ya mji wao, si zege.

Lakini mwaka huohuo, nyumba za bei nafuu zilizoahidiwa pale zilipunguzwa kutoka 636 hadi 386. Eti gharama. Hebu fikiria mjenzi aseme gharama imepanda, tuweke dohani tatu! Nani angemkubalia? Jengo lina sheria ya kulilinda. Mtu asiye na kodi kubwa ana ahadi tu.

Kulinda kumbukumbu ni jambo jema. Ila ahadi nayo ihesabiwe moja moja, kama dohani.