Nyuma ya Solo

Ukiniuliza solo ya gitaa ninayoipenda zaidi kutoka mwanzo wa miaka ya sitini, nitakujibu bila kufikiria: ya Docteur Nico kwenye "Indépendance Cha Cha", 1960. Ukiniuliza nisiyoipenda, ni ya Dave Davies kwenye "You Really Got Me" ya The Kinks, 1964. Miaka mitatu iliyopita ningekujibu kinyume kabisa, na solo zenyewe hazijabadilika hata noti moja.

Nikiwa chuo niliipenda ile ya Dave kupita kiasi. Jamaa alikuwa na miaka 17. Alichukua wembe akachana spika ya amplifaya yake ndogo ndio sauti itoke ikiwa imepasuka. Solo yenyewe haina adabu: inaingia kama mtu aliyepiga mlango teke, inakimbia, inajikwaa, imeisha. Nilikuwa naicheza kwa keja yangu huku Makina, Kibera, mpaka jirani anagonga mabati, na nikijiambia hivi ndivyo mtu anafaa kuishi.

Ya Nico niliiona ya wazee. Ni muziki wa brathe wangu mkubwa, anayeishi Kawangware. Jumapili nikienda kwake nakata Toi, natokea Ngong Road, napita Junction, nashika Naivasha Road. Ni saa moja na kitu kwa mguu, na nikifika lazima nipate zilizopendwa zinalia.

Siku moja nikamchezea Dave wangu. Akasikiliza yote, akasema si mbaya. Kisha akaweka Nico wake, akaniuliza, "Unaskia Dechaud?"

Nikamuuliza Dechaud ni nani.

Dechaud ni Charles Mwamba, ndugu mkubwa wa Nico. Mwaka 1960, African Jazz walipokuwa Brussels wakati wa mkutano uliopanga tarehe ya uhuru wa Kongo, Nico alikuwa kijana wa miaka 20, na nyuma yake, kwenye gitaa la ridhimu, alikuwa Dechaud. Mwaka 1963 wakatoka African Jazz pamoja, wakaanzisha African Fiesta na Tabu Ley. Bado mdogo mbele, mkubwa nyuma. Mdogo ndiye aliyeitwa Daktari.

Jaribu kumsikiliza Dechaud peke yake. Ni ngumu, sikio linamkimbilia Nico. Ukimpata utagundua hachezi kitu kikubwa. Anarudia tu. Na kwa sababu anarudia, Nico anaweza kuzurura atakavyo, na akirudi anakuta nyumba iko palepale.

Kumbe hata Dave alikuwa na wake. Gitaa la ridhimu la The Kinks lilikuwa kwa Ray Davies, ndugu yake mkubwa. Kuhusu ile solo watu wamebishana miaka mingi, ati aliyeipiga ni Jimmy Page, hata baada ya Page mwenyewe kukana. Sijawahi kusikia mtu akibishana kuhusu ridhimu.

Sasa swali langu ndilo hili: anayepiga solo anadaiwa nini na anayemshikia?

Jibu rahisi ni shukrani. Mtaje jina, mnunulie soda, maisha yaendelee. Nililiamini jibu hilo, na ninajua halitoshi kwa sababu nililitumia mwenyewe.

Brathe aliacha shule kidato cha pili, baba alipofariki, ili mimi niendelee. Anafanya mjengo. Asubuhi anatembea kutoka Kawangware hadi Lavington au Kilimani, popote ghorofa inapanda, na mwisho wa mwezi M-Pesa yangu inalia. Mwaka wa tatu nikaacha chuo. Nilikuwa na sababu zangu na bado naziamini. Nilitaka kuandika, na darasani nilikuwa nakauka. Sijutii kuacha. Ninachojutia ni kwamba sikumwambia. Kwa miezi mitano aliendelea kutuma karo ya darasa ambalo sikuwamo, nami nikaendelea kupokea na kumjibu, "Asante sana bro." Shukrani nilitoa, tena kila mwezi.

Alipojua hakupiga kelele. Alisema tu, "Si ungeniambia nipumzike."

Nimelibeba neno hilo kwa muda. Hakudai digrii. Hata pesa hakudai. Alidai kujua niko wapi. Anayeshika ridhimu hamwombi mwenzake apige vizuri. Anachohitaji ni kumsikia, ndio ajue kama wimbo bado unaendelea au anachoka bure.

Utaniambia, lakini mtu akiangalia nyuma kila saa hatawahi kupiga kitu. Wembe wa Dave haukuomba ruhusa. Kweli, na kuna vitu vizuri ambavyo havipatikani bila kuchana kitu. Lakini Dave alichana spika yake mwenyewe. Mimi nilichana ya mtu mwingine.

Basi labda dawa ni kutomdai mtu? Pale kwa brathe kuna mzee jirani, mtu wa Magharibi, anayepiga gitaa lisilo la stima kama George Mukabi, yule wa "Sengula Nakupenda" aliyefariki 1963. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinaimba juu yake. Mtu mmoja, bendi nzima. Nilipomwona nikadhani nimepata jibu: jishikie mwenyewe. Lakini sikiliza rekodi za magitaa hayo za wakati ule. Mara nyingi kuna mtu kando anagonga chupa ya Fanta, ting ting ting, mwanzo hadi mwisho. Hata aliye peke yake hayuko peke yake.

Kwa hivyo kusema siipendi solo ya Dave si kusema ni mbaya. Ni kali vilevile. Ila nikiisikia namsikia yule kijana wa Makina akiandika "asante sana bro", na hilo si kosa la Dave. Nadhani mengi tunayoyaita ladha ni deni ambalo hatujalipa.

Jumapili iliyopita nilienda tena. Akaweka Nico, nikaamua siku hiyo nitamfuata Dechaud tu, mwanzo hadi mwisho. Nilifika karibu nusu, Nico akapanda juu, sikio likamfuata. Nikageuka nimwambie brathe nimeshindwa tena. Alikuwa amelala kwa kiti, viatu vya mjengo bado miguuni.

Nikapunguza sauti.