Idd isiwang'oe watoto wetu meno

Kila Ramadhani inapokaribia kumalizika, minbari zetu huzungumzia Zakaatul-Fitr, mwezi mwandamo na nguo za stara. Mimi leo naomba nizungumzie meno ya watoto. Anayeona ni jambo dogo na anisubiri kidogo.

Mwaka mmoja nilikwenda kula Idd ukweni, Delta ya Rufiji. Unapanda basi Mbagala Rangi Tatu hadi Kibiti, kisha unateremka Nyamisati kutafuta boti. Kama ilivyo ada yetu watu wa mjini nilibeba zawadi: pipi, jojo, biskuti na ubuyu wa rangi. Baada ya Swala watoto walizunguka nyumba kwa nyumba kuomba sikukuu, na walichopata kikaishia kwenye barafu na pipi za kijiti. Nami nikawagawia zangu juu yake. Nilijiona mkarimu.

Usiku wa Idd pili, mtoto wa mdogo wake mke wangu, umri wa miaka 7, akavimba shavu. Nakiri kuwa pipi za siku mbili hazitoboi jino. Lile lilikuwa limeoza muda mrefu na hakuna aliyemfungua mdomo kumtazama. Lakini Delta huondoki saa unayotaka wewe. Maji yakipwa, vijito vya mikokoni hukauka na boti hulala kwenye tope. Tulikesha naye analia, mama yake akimsukutuza kwa maji ya chumvi, hadi maji yalipojaa. Tabibu alituambia kuwa lililooza ni gego la kudumu. Likang'olewa. Halitaota jingine.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Mtoto akifika karibu miaka 6, gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Mzazi hulidhania la utotoni, akasema, "Acha, litang'oka lenyewe." Na ni sisi hao hao ambao mchanga akiharisha na kupata homa tunanong'ona "meno ya plastiki" na kumpeleka akachimbuliwe ufizi, dhulma isiyo na msingi wowote katika tiba. Jino zima tunaling'oa, bovu tunalisubiri!

Wataalamu wanaeleza kuwa vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi inayomomonyoa jino. Kila mtoto atiapo kitu kitamu mdomoni, asidi hiyo hufanya kazi kwa muda wa kama nusu saa kabla mate hayajaituliza. Kwa hiyo pipi 5 zilizoliwa kwa mkupuo baada ya pilau zina madhara madogo kuliko pipi hizo hizo 5 zikimung'unywa moja moja kutwa nzima. Mbaya zaidi ni ile anayolala nayo, kwa kuwa usiku mate hupungua.

Sasa tujiulize, umma gani uliofundishwa usafi wa kinywa kuliko huu? Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa lau si kuchelea kuutia umma wake uzito, angeuamrisha kupiga mswaki kwa kila Swala. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa alipoingia nyumbani jambo la kwanza lilikuwa mswaki, na hata katika saa zake za mwisho duniani aliutumia. Tunaisimulia Sunna hii madrasa, kisha tunamlaza mtoto na pipi shavuni.

Mswaki wa mti ni Sunna, na dawa ya meno yenye floraidi nayo haina ubaya: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka 3, cha punje ya mbaazi hadi miaka 6, asubuhi na kabla ya kulala. Mzazi ashike mswaki mwenyewe. Mtoto mdogo hupaka tu, hasafishi.

Idd iliyofuata nilibeba tende, karanga na miswaki midogo. (Tende nayo ina sukari na hunata, asidanganyike mtu, zifuatishwe maji.) Watoto walinitazama kama mtu aliyewadhulumu. Yule mwenye pengo akaniuliza, "Baba mkubwa, pipi je?" Nikampa moja, akaila palepale baada ya chakula, kisha tukaenda wote kwenye mtungi na miswaki yetu.