Mifupa Nayo Ina Jina

Tangu Aprili 2023, makaburi ya Shakahola yalipoanza kufukuliwa kule Kilifi, nimeulizwa swali hili mara nyingi, hapa Kisauni na hata upande wa Likoni: "Pasta, mwili ni udongo tu, na Mungu anajua nani ni nani. Hizi DNA ni za nini?"

Miili zaidi ya 400 ilitolewa, na mingi haikuweza kutambulika kwa sura. Katika kazi kama hii, maabara huchukua kipande cha mfupa au jino la marehemu, na mate ya jamaa. DNA ya kila mtu ni nusu ya baba, nusu ya mama. Wataalamu hunakili sehemu zake chache mara mamilioni ili zisomeke, halafu hulinganisha. Si kazi ya siku moja. Familia za kwanza zilikabidhiwa watu wao pale Malindi mwezi Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye.

Ni kweli Mungu hahitaji maabara. Lakini Ibrahimu alikuwa na ahadi za Mungu, na bado alilipa shekeli 400 za fedha apate mahali pa kumzika Sara (Mwanzo 23). Musa, katika haraka ile yote ya kutoka Misri, alibeba mifupa ya Yusufu (Kutoka 13). Mungu aliwajua wafu wale. Kuwazika kulibaki kazi ya walio hai.

Mimi nilisomea biashara. Kwenye hesabu, shilingi yoyote inalipa deni. Mtu hayuko hivyo. Ukimpa mama mwili wa mtoto wa mwenzake, hujamlipa kitu. Ndiyo maana hapa usahihi wa kipimo ni sehemu ya upendo.

Sasa lililo gumu. Mfupa peke yake hauwezi kutaja jina, lazima jamaa ajitokeze. Wako waliobaki nyumbani kwa kuogopa aibu. Wako wanaosema, "Bora nisijue, labda bado yuko hai." Nawaelewa. Lakini mpendwa, tumaini letu ni ufufuo, na ufufuo hautishwi na ukweli wa maabara. Na aibu si yako wala ya marehemu wako. Ni ya mafundisho yaliyogeuza njaa kuwa mlango wa mbinguni.

Kama una ndugu aliyepotelea kule na hujatoa mate, njoo unione Jumatano baada ya maombi. Hutaenda peke yako, tutapanda matatu pamoja mpaka Malindi. Na mchungaji yeyote, hata mimi, akikwambia imani inamnyima mtoto chakula au dawa, usiseme amina. Simama umuulize, ungali na watu wako wa kuita kwa majina.