Bwana Mkubwa au Msimamizi Mwenye Haki?

Yupi afaaye kusimamia kazi: mwenye kuogopwa au mwenye kupendwa? Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na ukandamizaji; na mwaka 1973 wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waliwafungia nje mameneja wao. Lakini mpole asiyekemea uvivu naye hudhulumu, maana humtwika mwenye bidii mzigo wa mvivu. Basi si ukali wala upole utoshao, bali haki. Mwenye shamba wa Kasulo, wilayani Ngara, aitaye vibarua alfajiri, na ajipime jioni: je, walisikilizwa? Ujira umelipwa kamili? Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891 kwamba kumpunja mfanyakazi ujira wake ni dhambi imliliayo Mungu. Tuanzie hapo, kisha tuamuru.