Komamanga la Rabi Meir

Ilikuwa Sabato, na Elisha ben Abuya alikuwa amepanda farasi. Katika sheria ya Kiyahudi hilo ni kosa, na mkosaji alikuwa mmoja wa wanazuoni wakubwa wa karne ya 2, mtu ambaye wenzake walikoma hata kumtaja jina, wakamwita Acher, yaani "Yule Mwingine". Nyuma ya farasi, kwa miguu, alifuata mwanafunzi wake Meir, akiyadaka maneno ya Taurati yaliyomtoka mwalimu. Wakaenda, wakaenda. Mara Elisha akamwambia arudi: amehesabu hatua za farasi, na hapo zimetimia dhiraa 2,000, mwisho wa mwendo unaoruhusiwa siku hiyo. Meir akamsihi naye arudi, arudi kwa Mungu. Hakurudi.

Kila nikikisoma kisa hiki cha Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, kinachonichoma ni yale mahesabu. Sheria ameitupa, lakini kwa ajili ya mwanafunzi bado anailinda.

Wanazuoni walijiuliza Meir aliwezaje kusoma kwa mtu yule. Jibu likawa kwamba alikuta komamanga, akala punje, akatupa ganda.

Jibu tamu, na utamu wake unaponza. Talmudi hiyohiyo inasema ruhusa ile ni ya aliyekomaa. Mdogo hajui ganda linaishia wapi. Mimi mwanangu simpeleki kwa mwalimu wa namna hiyo, hata awe bahari ya elimu. Musa bin Maimun, mwanasheria wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliufunga mlango kabisa: mwenye mwenendo mbaya asifuatwe kwa elimu, hata kama watu wote wanamhitaji, mpaka atubu.

Hilo la "tunamhitaji" ndilo linalofumba watu macho. Huko Babeli, katika karne ya 3, Rav Yehuda wa Pumbedita alifikiwa na habari mbaya za mwanazuoni mmoja. Alisita. Akimtenga, wanafunzi watakosa mwalimu. Akimwacha, jina la Mungu litachafuka. Akamtenga.

Baadaye Rav Yehuda akaugua. Watu wakaja kumjulia hali, na yule aliyetengwa akiwemo. Mgonjwa alipomwona, akacheka. Yule bwana akauliza kwa uchungu kama kutengwa hakukutosha, hata achekwe. Rav Yehuda akamjibu kwamba hamcheki yeye. Anafurahi kuwa anakwenda ahera bila kumpendelea mtu, hata mkubwa kama bwana huyo.