Usimlilie Mteja

Haya nimekwisha kukuambia, mwanangu, na leo nayarudia. Sauti ndiyo iliyochoka, wewe hujanichosha.

Kazi yako naiheshimu. Unapiga picha za harusi, unatengeneza kadi na mabango, huna mwajiri wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Simu ndiyo ofisi yako. Wapo wazee wenzangu wanaokutupia ile methali ya chema chajiuza, kibaya chajitembeza, wakitaka uache kujitangaza. Mimi siko nao. Chema kilijiuza enzi ambazo mtaa mzima ulipita mbele ya kibaraza cha fundi, na kila mtu akaona kanzu ilivyoshonwa. Bibi harusi wa leo yuko Mwanza, shangazi anayelipia picha yuko Maskati, na wote wawili hawana pa kukuonea ila kwenye kioo cha simu. Basi tangaza kazi, tena bila haya.

Ninalokukataza ni jingine. Ukurasa uleule unaouzia kazi ndio unaolilia. Mchana unaweka albamu ya harusi, saa saba ya usiku unaandika kwamba dunia haina watu, kwamba uliowabeba wamekutupa, kwamba umechoka na kila kitu. Asubuhi mama mmoja anayetafuta mpiga picha wa sendofu ya binti yake anafungua stetasi yako. Hajui kama umeachwa, umedhulumiwa au una homa. Anachokiona ni kijana ambaye huenda Jumamosi asitokee ukumbini. Anapita kimya, anamtafuta mwingine, na hatakuambia kamwe. Wewe unabaki kujiuliza kwa nini simu haiiti. Usinijibu kwamba stetasi hufutika baada ya saa 24. Mtu akishaipiga picha, imekwisha kuwa yake.

Sikucheki kwa upweke wako. Kazi hiyo ina upweke ndani yake. Kinyozi anapiga soga na wateja, fundi cherehani ana wenzake, lakini wewe unajifungia chumba cha kupanga na kompyuta na feni, unahariri nyuso za watu wanaofurahi hadi alfajiri. Mtu wa namna hiyo lazima atafute wa kusema naye, na mtandaoni wapo. Kundi lenu la wapiga picha mnaoazimana lenzi nalijua. Ulipolazwa, ndio waliokuja na chupa ya uji, na mmoja akaenda kukupigia harusi uliyokwisha kuchukua malipo yake ya awali, asiguse hata senti. Mlijuana kwenye simu, lakini mlango wa wodi waliufungua kwa mikono yao. Hao washike.

Lakini maelfu wanaokubonyezea moyo usiwahesabu humo. Robin Dunbar, msomi wa Uingereza, alikadiria miaka ya 1990 kwamba mtu huweza kushika uhusiano wa kweli na watu wapatao 150, na wale wa kuegemea hasa ni kama watano tu. Wengine watabishana na hesabu yake. Mimi nakuuliza wewe: watano wako ni kina nani? Wataje kwa majina. Na yule anayekuita mpenzi kabla hamjaonana, kisha wiki ya pili anaomba nauli, usimtie katika hesabu yoyote.

Jua pia mwenye uwanja anataka nini. Facebook, Instagram na WhatsApp ni mali ya kampuni moja, na karibu fedha zake zote hutoka kwenye matangazo. Faida yake ni wewe kukaa humo. Ukilia ukakaa, amepata. Ukicheka ukakaa, amepata. Kama umefarijika au la, hilo halimo katika vitabu vyake.

Sasa tuje kwenye biashara yenyewe, maana hapo ndipo unaponiudhi kidogo. Mtu anauliza, "Kaka, bei gani?" Unamjibu, "Njoo inboksi." Anakuja inboksi, unamjibu kesho yake, kwa kuwa usiku kucha ulikuwa unabishana na watu usiowajua kuhusu mpira. Andika bei. Andika picha zitatoka baada ya siku ngapi, malipo ya awali ni kiasi gani, na harusi ikiahirishwa inakuwaje. Ile WhatsApp ya biashara, iliyoanza 2018, ina mahali pa kupanga kazi zako na jibu la kumpokea mteja ukiwa umelala. Itumie.

Na picha za wenyewe usizirushe bila ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwapo, stara ilikuwapo. Bibi harusi uliyempiga picha akiwa ndani na wanawake wenziwe, nywele wazi, hakukukaribisha ili umtembeze dunia nzima kama sampuli ya kazi yako. Muulize, na akikataa usimbembeleze.

La mwisho, nunua daftari. Tarehe 4 Oktoba 2021 mitandao yote mitatu niliyoitaja ilizimika kwa muda wa saa zipatazo sita, dunia nzima. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa nchini kwa siku kadhaa. Fundi mwenye namba za wateja wake kwenye karatasi aliweza kuwapigia. Asiyekuwa nazo alikaa akitazama simu. Ukurasa wako unaweza kuibwa hata kesho, na wenye mtandao hawana ofisi Kariakoo ukawagongee mlango. Jina, namba, tarehe ya kazi, deni lililobaki: yaandike kwa kalamu, uje nayo Jumapili tuyapitie pamoja. Mama yako naye mpigie kabla ya hapo. Anaziona picha zako, sauti yako haisikii.

Ile saa saba ya usiku itakujia tena, hilo nalijua. Ikija, usiandike kitu. Nipigie mimi mjomba wako, siku hizi silali mapema. Kama huna salio, nibipu, nitakupigia.